Aspirini na madai ya "damu nzito"

Ndugu Mhariri,

Hapa Tanga neno "damu nzito" limekuwa jina la kila maradhi. Mtu akihisi ganzi miguuni, damu nzito. Presha ikipanda, damu nzito. Jirani akianguka ghafla akafariki, kwenye kahawa barazani itasemwa damu yake ilikuwa nzito na hakuwa akinywa dawa ya kuilainisha. Basi aspirini inanunuliwa kama chumvi: vidonge kumi, bila cheti, bila swali, inamezwa kila siku na mtu asiyeihitaji. Mtaa wa pili yupo aliyewekewa stenti, kijibomba cha chuma, kwenye mshipa wa moyo, anayeihitaji kwelikweli, naye ameiacha kwa kuwa ameambiwa inatoboa tumbo. Makosa yote mawili yana mzizi mmoja: hatujui aspirini inagusa nini ndani ya damu. Naomba nafasi nilieleze hilo.

Uzito wa damu hutegemea zaidi wingi wa chembe nyekundu na maji yaliyomo mwilini. Aspirini haigusi chochote katika hayo. Damu ya aliyeimeza leo ni nzito vilevile kama ilivyokuwa jana. Inachogusa ni chembe sahani, zile zinazogandisha damu.

Chembe hizi ni ndogo mno. Upana wake ni mikromita 2 hadi 3, ilhali chembe nyekundu hufika 7 au 8. Katika milimita moja ya ujazo wa damu, mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000. Humegwa kutoka kwenye seli kubwa zilizo ndani ya uboho wa mifupa, huishi siku 7 hadi 10, kisha huondolewa na nyingine kuchukua nafasi. Tena hazina kiini. Msomaji aliweke akilini hilo la kukosa kiini, maana nguvu yote ya aspirini imesimama hapo. Mtaliano Giulio Bizzozero alizieleza mwanzoni mwa miaka ya 1880, akaonyesha jinsi zinavyojikusanya mahali ukuta wa mshipa ulipoumia.

Kukusanyika huko ni kazi njema. Ukiwa unapaa samaki, kisu kikakuteleza kidoleni, chembe sahani ndizo za kwanza kufika na kuziba. Tatizo ni pale zinapoifanya kazi hiyohiyo ndani ya mshipa unaoulisha moyo.

Mishipa mikubwa ya moyo ina upana wa milimita 3 hadi 4 hivi. Ukitaka kuuona ukubwa huo, fungua kalamu ya wino uutazame ule mrija wa ndani. Upande wa ndani wa mshipa umetandikwa tabaka la seli laini zinazotoa kemikali, ikiwemo oksidi ya nitriki na prostasaiklini, ambazo huzifanya chembe sahani zipite bila kushika popote. Moshi wa sigara, kisukari, presha isiyotibiwa na kolesteroli nyingi huliharibu tabaka hilo mwaka hata mwaka. Mafuta hupenya chini yake, seli za kinga huyafuata, na panatokea kivimbe chenye uji wa mafuta ndani na ngozi juu. Hata katika hatua hii ya polepole chembe sahani zinashiriki: zikigusa sehemu iliyochubuka humwaga kemikali zinazoita seli nyingine na kukifanya kivimbe kizidi kukua.

Wengi wetu tunaufikiria ugonjwa wa moyo kama bomba linaloingia kutu mpaka linaziba kabisa. Hutokea hivyo kwa baadhi, na hao huhisi maumivu ya kifua wanapopanda mlima au kubeba mzigo, wakipumzika yanapoa. Lakini mshtuko wa moyo wa ghafla mara nyingi huletwa na kivimbe ambacho hakikuwa kimeziba hata nusu ya njia. Mwenyewe hakuhisi kitu. Wiki iliyopita alikuwa shambani Pongwe analima. Kilichobadilika ni kwamba ngozi ya kivimbe ilikuwa nyembamba, nayo ikapasuka.

Ikipasuka, yale yaliyokuwa chini ya ukuta hukutana na damu, hasa nyuzi za kolajeni. Chembe sahani inayopita hunasa hapo. Ilipokuwa imetulia ilikuwa bapa na laini kama sahani. Ikishanasa hujikunja kuwa mviringo na kuota mikono pande zote, kama pweza aliyeguswa. Papo hapo hutema kemikali mbili za wito: ADP na thromboksani. Chembe zinazopita karibu zikipokea wito huo nazo huota mikono, hunata, na kutoa wito wa kwao. Kati ya chembe na chembe hupita protini iitwayo fibrinojeni, inayozifunga pamoja kama kamba. Baadaye nyuzi za fibrini hutanda juu ya rundo lote kama jarife, zikinasa chembe nyekundu, na donge linakuwa gumu. Yote haya ni ndani ya dakika chache, katika mrija wa upana wa ule wa kalamu. Misuli ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo huanza kufa katika nusu saa hivi, na kifo hicho huendelea kusambaa kwa saa kadhaa kama mshipa haukufunguliwa.

Hapo ndipo aspirini ina nafasi yake. Ndani ya chembe sahani kuna kimeng'enya kiitwacho COX-1, kinachotengeneza thromboksani. Aspirini hukibandika kipande cha asetili na kukifunga moja kwa moja. Seli nyingine ya mwili ingetengeneza kimeng'enya kipya kesho yake, ila chembe sahani haina kiini, kwa hiyo haina uwezo huo. Imefungwa mpaka ife. Ndiyo sababu kidonge kidogo cha miligramu 75 kwa siku kinatosha: kila siku mwili huleta takriban asilimia 10 ya chembe mpya, na kidonge cha leo huzifunga hizo mpya. Kumeza miligramu 300 kila siku hakumwongezei mgonjwa wa moyo kinga, kunaliongezea tumbo lake adha. Mwingereza John Vane alieleza mwaka 1971 jinsi aspirini inavyozuia utengenezaji wa kemikali za jamii hii, na mwaka 1982 akawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobeli.

Asetili hiyo ina jambo jingine linalotuhusu sana sisi wa pwani. Aspirini ikipata unyevunyevu huachana nayo, na asetili ikiachana na kidonge hugeuka siki. Hewa yetu ya Tanga ni ya chumvi na maji, na bado yapo maduka yanayohesabu vidonge kutoka kwenye kopo la elfu moja na kuvitia kwenye bahasha ya karatasi. Fungua bahasha unuse. Ukisikia harufu ya siki, kidonge hicho kimeanza kupoteza kilekile kinachofunga chembe sahani; kitupe. Nunua vilivyo kwenye pakiti ya kubonyeza, na usiviweke jikoni wala dirishani.

Nani basi anywe kila siku? Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, aliyewekewa stenti, aliyefanyiwa upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo, na aliyepata kiharusi ambacho picha ya kichwa imethibitisha kilitokana na mshipa kuziba. Hao aspirini inawaokoa, na ushahidi wake ni mkubwa. Utafiti uliotolewa mwaka 1988, ulioitwa ISIS-2, ulihusisha wagonjwa 17,187 waliodhaniwa kuwa na mshtuko wa moyo. Waliopewa aspirini kwa mwezi mmoja, vifo vya moyo na mishipa katika wiki 5 vilipungua kwa asilimia 23. Waliopewa aspirini pamoja na streptokinezi, dawa inayoyeyusha donge lenyewe, vilipungua kwa asilimia 42. Kwa dawa ya bei ya peremende, hayo ni makubwa.

Mzee mwenye afya ni suala jingine kabisa. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti wa ASPREE, uliofanyika Australia na Marekani kwa watu zaidi ya 19,000, wengi wao wa miaka 70 na kuendelea, wasio na ugonjwa wa moyo. Nusu walimeza miligramu 100 za aspirini kila siku. Ugonjwa wa moyo na mishipa haukupungua kwa kiasi cha maana, na kutokwa damu kwingi kuliongezeka kwa asilimia 38. Babu anayemeza aspirini kila asubuhi "kwa tahadhari" anajinunulia hatari ya kuvuja damu tumboni au kichwani. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kama presha yake ni 180 na hanywi dawa ya presha kwa kuwa anaamini aspirini inafanya kazi hiyo. Haifanyi. Aspirini haishushi presha hata kidogo, na mshipa wa kichwa ukipasuka kwa presha, chembe sahani zilizofungwa hazitauziba.

Dalili za kuvuja tumboni zinajulikana lakini hupuuzwa: choo cheusi kama lami chenye harufu kali, kutapika kitu kinachofanana na machicha ya kahawa, kizunguzungu unaposimama. Mwenye hayo aende hospitali siku hiyohiyo. Mwenye historia ya vidonda vya tumbo anayelazimika kunywa aspirini kwa ajili ya moyo amwombe daktari dawa ya kulinda tumbo, na apimwe bakteria wa vidonda atibiwe, badala ya kuacha aspirini kimyakimya.

Kuhusu stenti niseme kwa mkazo. Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma kinachoachwa ndani ya mshipa uliofunguliwa. Wagonjwa wetu wengi husafiri zaidi ya kilomita 300 hadi Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete au kwingineko, hurudi nacho kifuani, na baada ya miezi miwili wakijiona wazima huacha dawa. Mpaka ukuta wa mshipa uufunike ule wavu kwa tabaka lake la seli, chembe sahani zinauona chuma kama jeraha na zinaujia. Stenti ikiziba ghafla, mtu anaweza kufariki. Kwa hiyo hupewa dawa mbili kwa pamoja: aspirini inayozima wito wa thromboksani, na klopidogreli miligramu 75 kwa siku, au tikagrela miligramu 90 mara mbili kwa siku, inayozima wito wa ADP. Kwa kawaida ni miezi 12 kama stenti iliwekwa baada ya mshtuko wa moyo, na miezi 6 kama iliwekwa kwa maumivu ya kifua yaliyotulia. Baada ya hapo aspirini huendelea. Daktari wa moyo anaweza kufupisha kwa mgonjwa anayevuja damu kirahisi. Mwingine yeyote hana ruhusa hiyo, akiwemo fundi wa meno. Ukienda kung'oa jino mwambie una stenti. Atabana kidonda kwa pamba muda mrefu zaidi. Usiache dawa kabla hujazungumza na aliyekuandikia.

Dawa za maumivu nazo huharibu mambo. Ibuprofeni hukaa mlangoni mwa kile kimeng'enya na kuizuia aspirini isiingie. Anayelazimika kuitumia ameze aspirini ya kawaida kwanza, angoje angalau nusu saa. Au kama alitangulia ibuprofeni, zipite saa 8 ndipo ameze aspirini. Diklofenaki, inayonunuliwa kwa kila mgongo unaouma, yenyewe inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo. Mgonjwa wa moyo akiumwa kichwa au viungo, parasetamoli inamfaa zaidi. Na anayetumia klopidogreli asipewe omeprazoli kwa kiungulia kabla ya kuuliza, kwa sababu inapunguza nguvu ya klopidogreli. Pantoprazoli ni chaguo zuri zaidi.

Mwezi wa Ramadhani huleta maswali mengi, na jibu lake ni jepesi kuliko watu wanavyodhani. Aspirini na klopidogreli ni mara moja kwa siku, kwa hiyo mgonjwa ambaye daktari amemruhusu kufunga azimeze baada ya futari, tumbo likiwa na chakula. Tikagrela ya mara mbili iende futari na daku. Saa zitabadilika kidogo, hilo halina neno. Kuruka siku ndiyo hatari.

Maumivu yakianza: kifua kinabana kama kimewekewa jiwe, yanapanda taya au yanashuka mkono wa kushoto, jasho baridi, pumzi fupi, kichefuchefu. Kwa wanawake na wenye kisukari yanaweza kuwa kichefuchefu na uchovu tu, na hapo ndipo husemwa "ni gesi" wakapewa magadi. Mshtuko wa moyo hupendelea asubuhi, kati ya saa 12 na saa 6 mchana, na chembe sahani kunata zaidi mtu anapoamka na kusimama ni moja ya sababu. Mketishe mgonjwa. Kama hana mzio wa aspirini na havuji damu tumboni, mpe miligramu 300: kidonge kimoja cha 300 au vinne vya 75. Akitafune, asikimeze kizima. Ukitafuna, nusu ya utengenezaji wa thromboksani huzimwa kwa takriban dakika 5. Ukimeza kizima ni kama dakika 12. Vidonge vyenye gamba la kuyeyukia utumbo vinachelewa zaidi, hivyo navyo vitafunwe. Kisha hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, kile cha ECG, kwa gari au bajaji. Asikalishwe nyuma ya bodaboda wala baiskeli, maana akizimia njiani ataanguka.

Ila uso ukiwa umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki, hicho ni kiharusi. Usimpe aspirini. Huwezi kujua kwa macho kama mshipa umeziba au umepasuka, na ukimpa wa kupasuka unaweza kumuua.

Limebaki la homa. Mlipuko wa dengi wa mwaka 2019, uliogusa sana Dar es Salaam na mkoa wetu wa Tanga, ndio uliowajulisha wengi chembe sahani, kwa kuwa dengi huzishusha. Watu walikamua majani ya mpapai wakitaka zipande, na wazo likabaki kwamba zikiwa nyingi ndiyo afya. Kwa moyo hesabu haisemi mengi. Mtu anaweza kuwa na 250,000 kwenye picha kamili ya damu asubuhi, namba safi kabisa, na jioni akapata mshtuko wa moyo, kwa sababu kilichopasuka ni ukuta wa mshipa. Linalofuata ni la muhimu kwetu kila msimu wa mvua, vifuu na matairi yakijaa maji: homa isiyojulikana isitulizwe kwa aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki. Kama ni dengi, chembe tayari ni chache, nawe unazifunga zilizobaki. Parasetamoli na maji mengi. Mtoto na kijana wa chini ya miaka 16 asipewe aspirini kwa homa hata kama si dengi. Mwenye stenti akipata homa asiamue mwenyewe kuacha wala kuendelea. Aende siku hiyohiyo akapimwe, daktari aone hesabu ya chembe na muda wa stenti.

Kwa wenzangu wa maduka ya dawa. Mama wa makamo akisimama dirishani akasema, "Mwanangu, nipatie zile za kulainisha damu," jibu lisiwe kufungua kopo. "Shikamoo mama. Umewahi kupata mshtuko wa moyo, kiharusi cha mshipa kuziba au kuwekewa chuma moyoni? Una vidonda vya tumbo au umeona choo cheusi? Presha yako mara ya mwisho ilikuwa ngapi?" Jibu la kwanza likiwa hapana, mpime presha, mpeleke zahanati, usimuuzie za kila siku. Likiwa ndiyo, muuzie za miligramu 75 zilizo kwenye pakiti, umwandikie juu yake tarehe zitakayoisha, ili arudi siku mbili kabla na asikae hata siku moja bila dawa.

Mfamasia,
Ngamiani, Tanga